Nguvu ya Baba ni Kurudi

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa akina baba. Wengi mlitaka kuja mkazuiwa na kazi, kwa hiyo naiweka hapa nzima, kama ilivyosemwa.

Ndugu zangu akina baba, wazee wetu mlioketi mbele, vijana ambao mmeanza kuitwa baba juzijuzi tu, na akina mama mliotusindikiza: nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuja. Najua kila mmoja hapa ameacha jambo ili afike. Yupo aliyebembeleza ruhusa kwa bosi wake, yupo aliyefunga biashara mapema, na yupo ambaye simu inamtetemekea mfukoni hivi ninavyosema.

Niwaulize. Tangu asubuhi mmeulizwa mara ngapi "habari za kazi"? Na mmejibu nini? "Nzuri." "Salama." "Tunapambana." "Tunasukuma siku." Sasa la pili: ni lini mara ya mwisho uliulizwa hali yako ukajibu kweli tupu? Msininyooshee mikono. Kila mtu ajijibu moyoni.

Mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu ni kukaa na familia. Wanaume wanaofika ofisini kwangu ni nadra waje kwa sababu wanajisikia vibaya. Wanakuja kwa sababu kuna kitu kimewasukuma: presha imepanda, mke amesema yamemfika shingoni, mwalimu ameita mzazi mara ya tatu. Wanaketi, wanaweka funguo mezani, wanasema, "Mimi sina tatizo, ni haya mazingira tu." Wanasema hivyo huku goti linacheza.

Leo nina jambo moja tu la kuwaambia. Tumelelewa tukiamini kwamba baba imara hatikisiki. Ndugu zangu, kila baba hutikisika. Hata yule mnayemwogopa mtaani, anatikisika. Nyumba inasimama kwa baba anayejua kurudi. Akighadhibika, anajua kurudi. Akizama kwenye kazi, anajua kurudi. Akimuumiza mtoto kwa maneno, anajua kurudi. Na akielemewa kabisa, anajua ni nani wa kumshika mkono arudi.

Tuanze na kujikaza, maana hilo ndilo somo tulilopewa kabla hatujajua kusoma. Mvulana akichubuka goti anaambiwa nini? Jikaze. Akifiwa? Jikaze, wewe ni mwanaume. Akifukuzwa kazi? Jikaze. Sitaki kulidharau somo hilo. Mtoto akivunjika mkono, nyumba inahitaji mtu mmoja asiyepiga mayowe, anayemnyanyua na kumkimbiza hospitali. Wanaume wenye uwezo huo nawavulia kofia. Tatizo langu ni mwanaume ambaye hajui lingine lolote zaidi ya kujikaza. Mtoto amekwisha kufungwa plasta, amelala, nyumba imetulia, na yeye bado amekaza meno. Wiki inapita, bado amekaza. Mwaka unapita.

Je, ukizificha hisia, zinakwenda wapi? Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1993 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha jaribio walilofanya kwa kuwaonyesha watu filamu fupi yenye mambo ya kutia kinyaa. Wengine waliachwa waitazame tu. Wengine waliambiwa wajizuie, kiasi kwamba mtu akiwaangalia asijue wanahisi nini. Waliweza! Nyuso zao zilitulia. Lakini walipoulizwa, kinyaa walichokuwa nacho kilikuwa kilekile, hakikupungua. Na baadhi ya vipimo vya mwili, ikiwemo jasho la vidoleni, vilionyesha kwamba ndani walikuwa wakihangaika zaidi kuliko wale walioachwa huru. Uso ulitii amri. Mwili ulikataa.

Utafiti mwingine ukakuta kwamba mtu anayeshughulika kuficha hisia hukumbuka machache tu katika yale yaliyosemwa wakati huo, kuliko asiyeficha. Basi mke anaposema, "Lakini jana nilikwambia," na wewe unaapa hukusikia, inawezekana kabisa nyote wawili mnasema kweli. Ulikuwepo. Akili yako ilikuwa inalinda mlango.

Na hili linalofuata ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake waliwaketisha wanawake wasiojuana, wawili wawili, wazungumzie filamu ya kuhuzunisha waliyoitazama. Katika baadhi ya jozi, mmoja aliambiwa kwa siri afiche hisia zake. Mwenzake hakuambiwa kitu. Shinikizo la damu likapanda hata kwa yule asiyeambiwa kitu. Hebu fikirini. Watu wasiojuana, mazungumzo mafupi tu, na mwili wa mmoja unaupa taarifa mwili wa mwingine kwamba hapa kuna jambo linafichwa. Sasa mke anayeishi na wewe je? Mtoto anayejua sauti ya hatua zako je? Tunasema tunanyamaza ili kuwalinda. Kweli tunawalinda?

Basi tufanye nini, tulie kila jioni? Hapana. Kuna hatua ndogo kuliko kulia, na mtu yeyote anaiweza: kukitaja kinachokusumbua kwa jina lake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo kwenye uso ule, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipunguza kazi. Neno moja tu.

Alinijia ofisini dereva wa malori ya safari ndefu, baba wa watoto watatu. Nilipomuuliza wiki yake ilikuwaje, alikuwa na majibu mawili: "nimechoka" na "nimekasirika". Hakuwa na la tatu. Nikamwomba kila siku kabla ya kulala atafute neno jingine, aliandike hata nyuma ya stakabadhi. Alirudi na rundo la karatasi zilizokunjwakunjwa. Nyingi zimeandikwa hasira. Lakini katikati kulikuwa na neno "hofu", na lilirudi na kurudi. Tukalifuata. Kumbe kampuni yake ilikuwa inapunguza madereva, na kila simu ya meneja ilimkata tumbo. Nyumbani wote walijua baba ni mkali. Hakuna aliyejua baba anaogopa. Hata yeye alikuwa hajui.

Akajaribu jambo ambalo lilimgharimu ujasiri kuliko kona yoyote ya milimani. Alifika nyumbani, binti yake wa miaka tisa akaja na daftari la hesabu, na yeye akamwambia, "Mama, leo baba ana hofu kidogo ya mambo ya kazini. Si kosa lako. Nipe robo saa, halafu uje tufanye hesabu." Binti akatazama saa ya ukutani, akaondoka. Robo saa ilipotimia, dakika ileile, akasimama mbele yake na penseli mkononi. Mtoto aliyeambiwa ukweli anajua kusubiri. Anayefokewa bila kujua sababu hujitafutia sababu mwenyewe, na mara nyingi hujikuta amejihukumu yeye.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu nimeona watu wakipitiliza. Mtoto asigeuzwe kuwa mshauri wako. Madeni, ugomvi na wakubwa zako, mashaka yako juu ya ndoa, hayo yana watu wazima wa kuyabeba. Mtoto anatosheka na mawili: ajue baba anasumbuliwa na nini, kwa neno moja, na ajue si yeye aliyesababisha.

Sasa tuje mlangoni. Ule mlango wa nyumba yako, jioni, ufunguo mkononi.

Yuko mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Rena Repetti. Alitaka kujua kazi inamfuataje mtu nyumbani, akawachagua waongoza ndege, wale wanaoketi wakitazama skrini na kuzipanga ndege angani zisigongane. Kazi ile haina mchezo. Aliwafuatilia siku kwa siku, akalinganisha siku ngumu na siku nyepesi, na jinsi walivyoishi na wake zao na watoto wao jioni. Alikuta mambo mawili tofauti. Siku ambayo kazi ilikuwa nyingi, baba alifika nyumbani akajitenga: maneno machache, akili mbali. Lakini siku ambayo aligombana na mtu kazini, mwenzake au msimamizi wake, ukali wake uliwaangukia watoto.

Mmeona tofauti hiyo? Wingi wa kazi hutufanya kimya. Ugomvi wa kazini hutufanya wakali. Ni mizigo miwili, na kila mmoja una dawa yake. Kwa hiyo nawaomba, kabla hujagusa kitasa, jiulize: leo nimeelemewa, au leo nimegombana? Kama umeelemewa, sema, "Nipeni dakika kumi," uzichukue bila aibu, kisha utoke chumbani. Repetti mwenyewe aliona kwamba kujitenga kwa muda mfupi, mke akiwa anakuunga mkono, humsaidia mtu kutulia. Kama umegombana, usiingie nalo. Mpigie rafiki, zunguka mtaa, andika, sali, lakini kile kisa kitoke kabla hujaulizwa na mtoto mbona umechelewa.

Namjua muuguzi mmoja ambaye hufika kizingitini akasimama. Anazima simu. Anavuta pumzi kawaida, anaitoa polepole, ndefu kuliko alivyoivuta, mara kadhaa. Majirani wake wa mwanzo walidhani amesahau funguo. Jambo lile lina maana katika mwili: unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa hupunguza. Ukirefusha kutoa, unauambia moyo kwamba hatari imepita. Muuguzi huyu huona watu wakifa. Aliniambia, "Nikiingia bila kusimama, naingia na wodi nzima." Akiisha kusimama, anaingia peke yake.

Sitawaambia mpunguze kazi. Ni rahisi mno kwa mtu mwenye kipaza sauti kumwambia mwenzake apunguze kazi. Ada za shule hazisubiri, na wengi wenu mna kazi mbili kwa sababu ya upendo, si kwa tamaa. Wala sipendi ule ushauri unaomfanya baba aone kwamba bila siku nzima ya mapumziko na watoto hajafanya kitu. Dakika kumi ambazo umo kweli, mtoto huzitambua. Ninachowaomba ni kwamba mkiwapo, muwepo.

Na usingizi, niuguse kwa haraka. Mwaka 2007 watafiti akiwemo Matthew Walker walipima ubongo wa vijana walionyimwa usingizi usiku mmoja. Walipoonyeshwa picha za kuudhi, ile amigdala ilisisimka zaidi kwa asilimia 60 hivi kuliko ya waliolala. Baba wa mtoto mchanga, baba wa zamu ya usiku, unisikilize: ukiona kila kitu kinakuudhi, kabla hujaamua kwamba mke amebadilika, hesabu kwanza umelala saa ngapi.

Nije kwenye hasira yenyewe, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tunapopotezea watoto.

Hasira ikipanda, mwili wako unafanya kazi ya kale sana. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli, sukari inamiminwa kwenye damu. Maandalizi mazuri kama umekutana na simba. Aliyesimama mbele yako amemwaga maziwa. John Gottman, ambaye ametumia miaka mingi kupima wanandoa wakizozana, alisema mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza vizuri, na anahitaji walau dakika 20 za kutulia, tena bila kuendelea kuusaga ugomvi kichwani. Dakika 20! Na sisi tunataka kumaliza mjadala pale pale, mishipa ya shingo imesimama. Ondoka. Sema "nitarudi baada ya nusu saa tulizungumze," kisha urudi kweli. Anayeondoka bila kusema atarudi ameacha mtu anahesabu hatua zake.

Lakini kuna siku utalipuka kabla hujakumbuka lolote kati ya haya. Kila baba anazo siku hizo. Je, siku hiyo kila kitu kimeharibika?

Miaka ya 1970 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa watoto, alifanya jaribio ambalo kila mzazi angepaswa kulijua. Mama anaketi uso kwa uso na kichanga wake, wanacheza, wanacheka. Kisha mama anaambiwa aukaushe uso wake, amtazame mtoto bila kuonyesha chochote. Mtoto anagundua mara moja. Kwanza anatabasamu, lile tabasamu lililokuwa likifanya kazi muda mfupi uliopita. Halijibiwi. Ananyoosha mikono. Anapiga kelele. Anageuza uso pembeni, anachungulia tena kama mama amerudi. Mwishowe anainama, mwili wote umelegea, au analia. Hajapigwa wala kutukanwa. Amekosa tu uso wa kumjibu. Na jaribio hili limefanywa na akina baba vilevile, watoto wakaumia vilevile. Akina baba wenye simu mkononi, mnanisikia? Uso ulioinamia simu, mtoto anauona kutoka chini.

Kisha inakuja sehemu ambayo watu huisahau. Mama anaruhusiwa kurudi. Uso unachangamka, anamwita, anampapasa. Na mtoto anarudi pia, kwanza kwa mashaka, halafu kicheko kinafufuka. Tronick akaendelea kuchunguza, akakuta kwamba hata mama na mtoto wanaopendana vizuri hupatana sawasawa kwa sehemu ndogo tu ya muda wao, kama theluthi hivi. Muda uliobaki wanapishana na kurekebisha, wanapishana na kurekebisha. Mtoto hahitaji mzazi asiyekosea. Mtoto anajenga imani yake katika kule kurekebishana.

Kuna baba aliyenisimulia asubuhi ya kiatu. Mwanawe wa miaka saba alikuwa amepoteza kiatu kimoja, gari la shule linapiga honi, na yeye mwenyewe ana kikao ambacho hakiruhusu kuchelewa. Alimfokea mtoto maneno ambayo hakuyarudia mbele yangu. Jioni alipofika alikuta viatu vyote viwili vimepangwa mlangoni, vimetazama nje, soksi zimekunjwa ndani ya kila kimoja. Saa moja ya usiku! Mtoto alikuwa amejiandaa kwa kesho kwa hofu.

Alichuchumaa mbele yake, akasema, "Asubuhi nilikufokea. Wewe ulikuwa unatafuta kiatu, mimi nilikuwa naogopa kuchelewa. Hukustahili yale maneno." Akanyamaza hapo. Hakuongeza "lakini na wewe". Mtoto akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo kesho ukichelewa hutafoka?" Swali zito hilo. Baba akajibu, "Nitajitahidi. Na nikifoka, nitarudi tena kukwambia."

Nitarudi tena kukwambia. Ndugu zangu, ahadi ya kutokasirika kamwe hakuna anayeiweza. Ahadi hii kila mmoja wetu anaiweza.

Wazee wangu, najua mnachowaza, na nakijibu kwa heshima. Mnawaza kwamba baba akimwomba mtoto radhi, mtoto ataota mapembe. Nimekaa na watoto wengi walioota mapembe, na sijakutana na hata mmoja ambaye shida yake ilikuwa baba aliyemwomba radhi kwa kosa la kweli. Nimekutana na wengi waliosubiri neno hilo mpaka wakazeeka. Wapo wanaume wa miaka hamsini waliolia mbele yangu wakisema, "Angesema tu mara moja." Kuomba radhi hakufuti sheria ya nyumba. Kiatu bado kitafutwe usiku. Mtoto bado aadhibiwe anapokosa. Kinachofutwa ni ile hofu kwamba upendo wa baba umeondoka na ile kelele.

Najua pia mwingine anasema moyoni, "Haya nitayatoa wapi? Mimi sikulelewa hivyo. Sikuwa na baba," au, "Nilikuwa naye, na heri nisingekuwa naye." Nina habari kwa ajili yako. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata kwa miongo kadhaa, mpaka wakawa watu wazima wa makamo. Karibu theluthi yao walianza maisha kwenye mazingira magumu: umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Wengi katika kundi hilo walipata matatizo. Lakini mmoja katika kila watatu alikua mtu mzima timamu, mwenye kujali na mwenye kutegemewa. Kitu kimojawapo kilichowabeba ni kwamba kila mmoja alikuwa na walau mtu mzima mmoja thabiti aliyemjali, ambaye hakuwa lazima awe mzazi. Bibi, mjomba, mwalimu, jirani. Na hata baadhi ya waliopotea njia ujanani walijirekebisha baadaye, wengine kupitia ndoa njema, wengine kupitia imani, wengine kwa kurudi shule. Kwa hiyo usiniambie umechelewa. Tena tazama mtaani kwako: kuna mtoto ambaye huyo mtu mmoja unaweza kuwa wewe.

Limebaki moja, na ndilo ninalowaogopea zaidi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Tunauona mwepesi kwa sababu haupo mabegani petu. Wanaume tunakutana, tunabishana mpira na siasa, tunacheka mpaka machozi, tunaagana, na hakuna aliyejua kwamba mmoja wetu hajalala wiki nzima. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta kwamba karibu baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, katika kipindi cha ujauzito wa mkewe na mwaka wa kwanza wa mtoto. Mmoja kati ya kumi! Hesabuni safu mliyoketi. Na sonona kwa mwanaume mara nyingi haina machozi. Ina ghadhabu, ina pombe, ina kukwepa nyumbani kwa kisingizio cha kazi.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na wanaume ni karibu mara mbili ya wanawake. Niseme wazi, bila kuzunguka. Ukifikia mahali unawaza kwamba nyumba yako itapata nafuu ukiwa haupo, mawazo hayo ni ya ugonjwa, na ugonjwa huo unatibika. Mwambie mtu leo. Nenda hospitali leo. Usisubiri upate nafasi.

Kulikuwa na wanaume wawili waliokuwa wakikutana kila Jumamosi asubuhi, watoto wao wakicheza uwanja mmoja. Mmoja akaacha kuja. Simu anapokea, anasema kazi zimembana. Mwenzake hakuridhika, akaenda kwake. Akamkuta anaosha gari ambalo halikuwa na vumbi. Hakumuuliza kitu. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta upande wa pili. Walifuta gari lile lote, wakarudia vioo. Walipofika kwenye tairi la mwisho, yule mwenyeji akasema, macho yakiwa kwenye tairi, kwamba hana kazi. Kwa miezi miwili alikuwa akivaa kila asubuhi, akiaga, akiketi sehemu mpaka jioni, akirudi na kusema amechoka. Mke hajui. Rafiki yake akauliza swali moja: "Unataka tumwambie pamoja?" Wakaingia ndani pamoja.

Angalieni alichofanya. Hakutoa hotuba kama mimi hapa. Alikwenda, akakaa, akashika kitambaa. Uzoefu wangu ni kwamba wanaume wengi husema wakiwa bega kwa bega, mikono ina kazi, kuliko wakikaziana macho. Basi tumieni hiyo. Tembeeni pamoja, tengenezeni kitu pamoja, na muwe na siku maalumu, maana tukiachia "tutatafutana" tunajua hatutatafutana.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka nina ombi la vitendo. Mgeukie mwanaume mmoja aliye karibu nawe, si lazima awe rafiki wa zamani. Peaneni namba. Chagueni siku moja katika wiki na saa yake, mwandike hapo hapo, mkubaliane kwamba mmoja akikosa mara mbili mfululizo bila sababu inayoeleweka, mwingine hatapiga simu, ataenda. Vijana mlio nyuma, wafuateni wazee. Wana mengi ambayo hawajawahi kuulizwa. Mimi nitabaki ukumbini mpaka mtu wa mwisho atoke, na mwenye jambo zito asilazimike kulisema mbele za watu. Anifuate pale kwenye viti vya pembeni, tukae.